Dhamana Inaisha Lini

Ulikuwa mwaka wa tatu na miezi kadhaa, na Elieshi hakuwa amelala nje ya nyumba yake hata usiku mmoja.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kingswood, kituo kimoja kabla ya Penrith, huko magharibi ambako ukitoka mjini Sydney na treni unasali, unasinzia, unaamka, na bado hujafika. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule, jiko, na uwanja mdogo nyuma wenye kamba ya kuanikia nguo. Aliinunua mwenyewe, mwanamke mjane aliyeingia nchi hii na binti mmoja na sanduku moja, akaosha wazee wa watu kwa miaka kumi na minne katika nyumba ya kulea wazee kule Mount Druitt. Siku aliyokabidhiwa funguo alikaa sakafuni sebuleni, maana viti hakuwa navyo, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Sauti ikagonga kuta tupu ikamrudia. Binti yake Hope alikuwa ameolewa miezi michache nyuma, amehamia Perth, upande wa pili wa nchi, saa tano kwa ndege.

Aliyemsaidia kununua ni Ponsian, kijana wa kanisani anayefanya kazi ya mahesabu katika ofisi moja mjini. Alikuja jioni moja na mkoba wa karatasi, akakataa chakula mara mbili, ya tatu akala.

"Mama, sikiliza," alimwambia akiwa anamenya ndizi. "Malipo yako ya awali ni madogo, na benki ikiona hivyo inaogopa. Inataka ulipie bima. Na bima hiyo si yako, ni ya benki. Ukishindwa kulipa mkopo, benki ndiyo inayofidiwa."

"Yaani mimi ninunue mwavuli, ashike mwingine?"

Ponsian akacheka mpaka akaweka ndizi chini. "Ndivyo ilivyo. Na mwavuli wenyewe unazidi dola elfu ishirini. Lakini upo mpango kwa wanaonunua nyumba ya kwanza. Serikali inasimama kama mdhamini wako, na bima hulipi."

"Serikali inidhamini mimi? Elieshi wa Tengeru?"

"Wewe hasa, Mama. Ila sharti uishi humo mwenyewe. Ukiondoka, dhamana nayo inaondoka, na benki inaweza kukudai ile bima."

"Mpaka lini?"

"Mpaka deni lipungue vya kutosha. Miaka kadhaa. Usijali, utazoea."

Ponsian alisema vile kwa haraka, kama mtu anayesema mlango unafungwa kwa komeo. Hakujua neno lile lilikwenda kuangukia wapi.

Elieshi alipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, wanawake wa kijijini kwao Tengeru walikuwa na kikundi cha kukopeshana. Kila mkopaji alikuwa na mdhamini, na sheria ilikuwa moja isiyochezewa: mwenye deni asilale nje ya kijiji zaidi ya siku saba bila kuaga kikundi. Mama yake Elieshi alimdhamini jirani, Miriam, aliyekopa ili anunue cherehani. Kisha binti yake Miriam akajifungua kule Babati, akapata shida, na mama wa watu akapanda basi alfajiri bila kuaga mtu. Akakaa mwezi mzima. Wiki ya pili ilipoisha, wanawake wa kikundi walikuja nyumbani kwa kina Elieshi. Hawakuja kwa ubaya. Walisalimia, wakaketi, wakanywa chai. Walipoondoka waliondoka na ng'ombe. Miriam aliporudi alikuwa na pesa zote mkononi, hata senti haikupungua, lakini ng'ombe alikuwa ameshauzwa sokoni na kuchinjwa. Mama yake Elieshi hakumsema Miriam. Aliosha kibuyu cha maziwa, akakining'iniza, na tangu siku hiyo hakumdhamini mtu tena mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo Elieshi alijua mdhamini ni nini. Ni mtu aliyeweka ng'ombe wake kwa ajili yako. Kama serikali ya watu, isiyomjua baba wala mama, imemwekea ng'ombe wake, basi yeye ataheshimu. Atalala humo.

Naye akalala humo. Kanisa lilipokwenda kambi ya siku tatu Canberra, alisema miguu inamuuma. Kulipotokea msiba Melbourne wa mtu waliyetoka naye Arusha, alituma rambirambi na sambusa mia moja kwa gari la wengine. Akitoka zamu ya jioni alikuwa akitembea upesi kutoka kituoni, kama mama aliyeacha mtoto mchanga ndani. Watu wakamzoea kuwa ni mtu wa kwake. Wakaacha kumwalika.

Ukiishi hivyo, unaanza kuhesabu wema mdogo mdogo kama wenzako wanavyohesabu sherehe. Elieshi alimjua dereva wa basi aliyekuwa akimsubiri akimwona anakimbia. Alimjua mzee wa nyumba ya tatu aliyemrudishia pipa la taka kila Jumanne, bila kugonga mlango wala kungoja asante. Mzee mmoja kule kazini, aliyesahau majina ya watoto wake mwenyewe, alikuwa akimshika mkono na kumwambia, "Umekuja." Elieshi aliishi na neno hilo wiki nzima.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa kooni, nalo halikumezeka.

Hope alipopata mtoto wa kwanza, Nehemia, Elieshi hakwenda. Kwao mtoto wa kike akijifungua, mama yake anakuja. Hilo halijadiliwi. Anakuja na ndizi za kupikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, anachemsha maji, anamkanda mwanawe tumbo na mgongo, anamlaza, anamwogesha mtoto, na kwa siku arobaini mzazi haoni jiko. Hope alizaliwa mikononi mwa bibi yake hivyo hivyo. Elieshi akamwambia kwa simu kwamba kazini wamekataa kumpa likizo.

Ulikuwa uongo, tena uongo wenye miguu. Wiki hizo hizo msimamizi wake alimwita akamwambia likizo yake imelundikana mno, lazima aichukue. Basi Elieshi akapewa wiki nne, akakaa nazo Kingswood, mapazia yamefungwa nusu. Asubuhi alimpigia Hope simu na kumwelekeza namna ya kumkanda mtoto. Mchana alipika mtori, sufuria nzima, kwa mazoea. Akaula peke yake siku tatu.

Sasa Hope alikuwa na mimba ya pili, imebaki wiki mbili na nusu. Mumewe, Symphorien, Mkongo mpole wa Bukavu, alikuwa fundi katika migodi ya kaskazini. Anapanda ndege kwenda kazini, anakaa wiki mbili, anarudi wiki moja. Jumapili moja mchana Hope akapiga simu. Hakuwasha picha, na Elieshi akajua si salamu.

"Mama, nakuuliza, na sitauliza tena," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyetoka nyumbani na miaka kumi na miwili. Akikasirika kilimkimbia akaingia kwenye Kiingereza. "Utakuja au huji?"

"Mwanangu, unajua kazi..."

"Mum. Nauliza tu. Mama yake Symphorien yuko Toowoomba, amesema atakuja. Lakini chumba cha wageni ni kimoja, kitanda ni kimoja. Nilimwambia nasubiri kwanza mama yangu aseme. Ukisema ndiyo, namwambia asije. Ukisema hapana, okay. Niambie mpaka Jumatano."

"Mpaka Jumatano."

"Ndiyo. Nehemia, shuka kwenye meza! Mama, naenda."

Simu ikakatika. Elieshi akabaki ameishika mbele ya uso wake, anajiona kwenye kioo chake cheusi.

Jumatatu alikwenda kazini. Wakati wa chai akamweleza Armelle, Mrundi wa zamu yake, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, kwamba anataka kumwona binti yake lakini nyumba haina mtu.

"Nyumba si mutoto," alisema Armelle. "Unafunga na ufunguo, unaenda. Ama inalia?"

"Inataka mtu alale ndani."

"Nani amesema?"

Elieshi akakoroga chai. Hakutaka kutaja dhamana. Kwao ukianza kuulizia habari za safari wakati una deni, watu wanakuangalia viatu, kama umeshavaa vya kukimbilia.

"Mimi nitalala kwako," Armelle akasema, akiacha kucheka alipomwona uso. "Kwangu tuko watu saba na choo kimoja. Hata ukipenda nilale mwaka, nitalala."

Huo ulikuwa wema, na Elieshi aliubeba mpaka nyumbani. Lakini Armelle si mwenye deni. Je, mtu mwingine akilala kitandani kwako, inahesabika kwamba umelala wewe? Angemuuliza Ponsian, lakini Ponsian alikuwa Tanzania anaoa, na simu yake ilikuwa haipatikani. Iliyobaki ilikuwa benki yenyewe. Na kwenda benki ni kwenda kwa kikundi. Ni kuwaambia kwa mdomo wako kwamba unawaza kuondoka.

Jumanne alifika mpaka mlango wa benki ya Penrith, akaona foleni, akarudi. Jumatano alikuwa na zamu ndefu. Jioni aliishika simu, akaandika kwa Hope, "Mwanangu nipe siku moja," akafuta. Akaandika, "Nakupenda," akaona ni aibu kutuma neno hilo mahali lilipohitajika jibu, akafuta nalo. Akalala.

Alhamisi asubuhi alivaa gauni la kanisani, akaingia benki bila kutazama foleni.

Aliyempokea ni dada mmoja mwenye miwani, kifuani ameandikwa Jacky. Alimpeleka kwenye kichumba cha vioo, akafunga mlango, akamwekea glasi ya maji. Elieshi alikuwa na Kiingereza cha kutosha kuogesha wazee na kuuliza treni, lakini hakukiamini kwenye karatasi. Jacky akaliona hilo bila kuambiwa. Akamuuliza lugha yake, akapiga simu mahali, akaiweka mezani kwenye kipaza sauti, na baada ya dakika kumi za muziki ikatoka sauti ya mwanamume.

"Habari ya asubuhi. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili. Yote yatakayosemwa hapa ni siri, na yote nitayatafsiri vile yalivyo. Mama, ongea pole pole, niko na wewe."

Alikuwa Mkenya, ilisikika. Elieshi akaisogelea simu kama mtu anayesogelea moto.

"Shikamoo... samahani. Mwambie nimekuja kuaga."

"Kuaga? Unahama nyumba?"

"Sihami! Tafadhali usimwambie nahama!"

"Mama, mimi ni lazima niseme kila kitu unachosema," sauti ikasema, na kwa kweli ikamwambia Jacky kila kitu, hadi ule mshtuko. Jacky akacheka kidogo, akafunika mdomo kwa mkono, akaomba radhi.

Basi Elieshi akajieleza. Alieleza kwamba ana mkopo wa nyumba ambao serikali imeudhamini. Kwamba anajua masharti, hajayavunja hata siku moja, wanaweza kumuuliza jirani. Kwamba binti yake anajifungua Perth. Kwamba anaomba siku arobaini. Kama arobaini ni nyingi, thelathini. Kama thelathini ni nyingi, basi waseme wao. Kwamba Armelle atalala pale kila usiku, ni mtu mwaminifu, na yuko tayari kuja kuweka sahihi.

Mkalimani alipomaliza, Jacky aliuliza jambo kwa Kiingereza, na sauti ikalitafsiri.

"Anauliza, Armelle ni nani?"

"Ni mwenzangu wa kazini. Atalala badala yangu."

"Anauliza, alale kwa nini?"

"Ili dhamana isiondoke."

Jacky akaivua miwani. Akasema maneno mengi, taratibu, akimtazama Elieshi machoni badala ya kuitazama simu, na ile sauti ikafuata nyuma yake.

"Anasema hivi, Mama. Sharti ni kwamba hiyo nyumba iwe makazi yako. Kuhama ni kwenda kufanya makazi mahali pengine, ama kuipangisha kwa watu. Ukienda kwa mtoto wako mwezi, miezi miwili, vitu vyako viko pale, wewe unarudi pale, hujahama. Hakuna mtu anahesabu usiku. Hauhitaji ruhusa. Anauliza, ni nani alikuambia huwezi kulala nje?"

Elieshi akafungua mdomo ili amtaje. Akayapitia maneno ya Ponsian moja moja, akaona hakusema hivyo. Akaitafuta barua yoyote ya benki, hakuikumbuka.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

Akanywa maji. Kisha akauliza lile alilotaka kujua tangu ile jioni ya ndizi.

"Na dhamana yenyewe inaisha lini?"

Jacky akageukia kompyuta, akabonyeza, akasoma. "Anasema inakaa mpaka deni lako lifike chini ya asilimia themanini ya thamani ya nyumba. Ama uuze. Ama uhamishe mkopo kwa benki ingine. Ama uhame kabisa. Kwa vile unalipa, na unaongeza kidogo kila mwezi, anakadiria miaka minne, labda mitano. Na siku hiyo hakuna kitu utasikia. Utaendelea kulipa kama kawaida."

"Kwa hiyo mwaka ule..." Elieshi akasimama hapo, akaanza upya. "Muulize. Mwaka juzi, binti yangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Ningeweza kwenda?"

Safari hii mkalimani hakutafsiri mara moja. Ilisikika pumzi yake kwenye simu, kama mtu anayejipanga kuinua kitu kizito. Halafu akalisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini.

Jacky akasema neno moja. Elieshi hakuhitaji mkalimani kwa neno hilo.

Hakulia. Alikunja mikono juu ya mkoba wake, akatazama ukuta wa kioo na watu waliopanga foleni nje yake, kila mmoja na karatasi yake. Jacky hakumharakisha. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa zinazosomeka kwamba mteja anasafiri kumtunza binti yake na atarudi, akatia tarehe na sahihi, akamsukumia. Haikuwa na kazi yoyote karatasi ile, na wote wawili walijua. Elieshi akaikunja vizuri, akaitia kwenye Biblia yake ndogo.

"Kazi imekwisha, asanteni," mkalimani akasema. Kisha, haraka, kama mtu anayepenyeza kitu chini ya mlango: "Mama, wewe nenda." Simu ikakatika.

Alimpigia Hope akiwa bado jukwaani kwenye kituo cha Penrith. Treni moja ilikuja ikaondoka bila yeye.

"Nakuja," alisema kabla ya salamu. "Mwanangu, nakuja. Naweza kuja."

Upande wa pili katuni za Nehemia zilikuwa zinaimba.

"Mama, leo ni Alhamisi."

"Najua."

"Nilisema Jumatano. Nilikaa na simu mpaka saa tano usiku. Mama Chibalonza, mama yake Symphorien, ameshakata tiketi. Anafika kesho."

"Basi nitalala kwenye kochi."

"Siyo kochi!" Hope akaingia kwenye Kiingereza, na maneno yakaja kwa kasi. Kwamba si habari ya kochi. Kwamba mara ya kwanza alitoka hospitali na mtoto wa siku mbili, Symphorien yuko mgodini, akachemsha maji mwenyewe akiwa na nyuzi za kushonwa. Halafu akarudi kwenye Kiswahili, na sauti ikawa ndogo. "Nilidhani ni kwa ajili ya Symphorien. Kwamba hukumtaka. Kwenye harusi ulikaa kimya tu."

"Symphorien? Kijana wa watu? Nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa unaondoka."

"Sasa ni nini? Ni kazi kweli?"

Hapo Elieshi angeweza kusema ndiyo, na jambo lingepita. Treni nyingine ilikuwa inaingia. Akangoja kelele zake ziishe, asije akasema nusu.

"Haikuwa kazi. Likizo nilipewa. Wiki nne. Nilikuwa nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Hapa Kingswood. Nimekaa. Nilidhani nikilala nje, serikali itaondoa dhamana yake, nyumba itapotea. Nilikuwa naitunza ili uwe na mahali pa kurudi, Hope. Nikaogopa kuuliza. Nimeuliza leo. Kumbe siyo."

Alimweleza habari za kikundi, na Miriam, na ng'ombe, pale pale jukwaani, watu wakipita na mifuko yao. Hope hakumkatiza. Alipomaliza, hata zile katuni zilikuwa zimezimwa.

"Miaka mitatu," Hope alisema mwishowe. "Mama, ungeniuliza hata mimi. Ningekupigia benki kwa dakika tano."

"Ndiyo."

"Dakika tano."

"Ndiyo, mwanangu."

"Siwezi kuongea sasa." Akakata.

Ijumaa hakupiga, wala Jumamosi. Elieshi alikwenda kanisani Jumapili, akarudi. Jambo la ajabu ni kwamba sasa angeweza kwenda popote. Angeweza kulala Canberra, angeweza kulala Mount Druitt kwa Armelle kwenye ile nyumba ya watu saba. Hakuwa na pa kwenda. Mpaka wiki iliyopita upweke wake ulikuwa na sababu, na mwenye sababu anaweza kukaa nao kama anavyokaa na mgonjwa. Sasa ulikuwa umekaa tu mezani, umekunja mikono, unamtazama. Alikaa kwenye uwanja wa nyuma mpaka nguo zikakauka, akazianua, akazikunja, akazikunjua tena akazipiga pasi.

Jumatatu, saa moja asubuhi, simu ikalia kwa namba asiyoijua.

"Mama Hope? Ni mimi Chibalonza, mama ya Symphorien."

"Karibu, Mama. Hope amejifungua?"

"Bado. Tumbo imeshuka, lakini bado. Ananiambia ile habari ya nyumba na ngombe. Nimecheka, Mama. Nisamehe. Nimecheka mingi, halafu nimelia. Sisi kule kambi ya wakimbizi tulikaa miaka tisa, tunaogopa kutoka maana tuliwaza watatufuta jina kwenye orodha. Nayijua hiyo woga."

Elieshi akasema, "Pole, Mama."

"Sasa sikia. Mimi naogesha mutoto vizuri, nimezaa munane. Lakini asubuhi huyu binti anakaa kwenye kitanda anatazama simu. Hanitazami mimi. Hiyo mtori mimi sijui kupika, nimeweka karanga, amekataa."

"Karanga!" Elieshi akasema, na kwa mara ya kwanza katika siku nne akasikia kicheko kikimgusa. "Mama, haiwekwi karanga."

"Njo uweke yako basi. Kitanda iko moja, ni yako. Mimi nitalala chini na Nehemia, anapenda nimusimulie."

"Hope ndiye amekutuma?"

Chibalonza akasita. Alikuwa mwanamke mkweli. "Hapana. Hajui nimekupigia. Bado iko na hasira."

"Basi sijaitwa, Mama."

"Weye! Mama anaitwa kwa uzazi? Kwenu munatumaga barua?"

Walipoagana, Elieshi alikaa kitandani muda. Kwao hakuna binti anayemwita mama yake kwa uzazi. Mama anahesabu miezi mwenyewe, anafunga mzigo, anatokea mlangoni. Yeye aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Hasira za Hope zilikuwa za haki, na zingemngoja Perth, na huenda zingekaa naye meza moja siku zote arobaini. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshaogeshwa na mama mwenye nyuzi, na hakuna maji ya moto yatakayorudi nyuma kuchemshwa. Nehemia anamjua kama uso wa kwenye simu, na bibi yake wa hadithi ni mwingine. Atakwenda kuwa mgeni mahali alipotakiwa kuwa mwenyeji.

Akapiga simu kazini. Msimamizi akasema, "Hatimaye," akamwandikia wiki sita. Akanunua tiketi ya kesho yake asubuhi, ghali kupita akili. Kisha akamwandikia Hope: "Nakuja kesho. Si lazima unipokee, nitapanda teksi. Kama hutaki kuongea na mimi hatutaongea. Nitapika tu."

Ujumbe ukaenda. Ukaonekana umesomwa. Hakuna kilichorudi mchana wala jioni.

Alfajiri alikuwa kituoni Kingswood na sanduku na mfuko wa ndizi mbichi alizozifunga kwa gazeti, hajui kama uwanja wa ndege wa Perth watamruhusu nazo. Jukwaani walikuwepo yeye na wanaume wawili wa mabuti ya kazi waliokuwa wakielekea viwandani. Mmoja wao, bila kuulizwa, aliinua sanduku lake akaliingiza ndani ya behewa, akaenda kukaa mbali, Elieshi asije akadhani anataka mazungumzo.

Walikuwa wamepita St Marys simu ilipotetemeka mapajani. Ulikuwa ujumbe wa Hope.

"Unafika saa ngapi?"

Hapakuwa na salamu. Elieshi alisoma mara tatu. Alitafuta hasira humo ndani, hakuiona. Akatafuta furaha, nayo hakuiona. Lilikuwa swali la saa tu. Akatoa tiketi, akavaa miwani, akaitazama saa ya kutua ili asikosee, akamwandikia.